Kutafuta Kosa Katika Maelekezo ya Ufumaji Yaliyochapishwa

Mfumaji anayefika mwisho wa mstari na kukuta vitanzi 107 mahali ambapo kitabu kinadai 109 hujiwa na mawazo mawili, na yote mawili huweza kumpotosha. La kwanza ni kwamba mikono yake imekosea, kwa kuwa kitabu kimechapishwa na bila shaka kilikaguliwa. Basi hufumua, hurudia, hufumua tena, mpaka uzi unaota manyoya. La pili ni kwamba kitabu ndicho kilichokosea. Basi huongeza vitanzi 2 popote anapoona nafasi na kuendelea, kisha mistari 20 baadaye nakshi inagoma kukaa mahali pake. Maelekezo ya ufumaji ni hesabu iliyoandikwa kwa maneno, na hesabu hukaguliwa kwa penseli kabla ya kukaguliwa kwa uzi. Anayejua kuikagua anaweza kuonyesha kosa liko wapi, ni la nani, na tarakimu sahihi ni ipi.

Nimefuma sweta za shule na nguo za watoto wachanga mkoani Njombe kwa miaka mingi, na baridi ya Juni na Julai ikishaingia hakuna muda wa kufumua mgongo mzima kwa sababu ya tarakimu moja. Mama aliyenifundisha alikuwa na desturi ambayo sijaiacha: kabla ya kuanzisha kitanzi cha kwanza, alisoma maelekezo yote hadi mwisho huku akijumlisha pembeni. Nilipomwambia, "Mama, si tuanze tu?", alinijibu, "Subiri, mwanangu, kitabu bado hakijanijibu."

Katika maelezo yafuatayo, kitanzi ni kile ambacho wengi hukiita stichi. Pleni ni kitanzi kinachofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, na pali ni kile kinachofumwa uzi ukiwa mbele. Kuzungusha uzi ni kuupitisha juu ya sindano ili kuacha tundu na kupata kitanzi kipya. Rudio ni kile kipande cha nakshi ambacho kwa kawaida huandikwa kati ya nyota mbili na kurudiwa hadi mwisho wa mstari.

Makosa huingilia wapi

Kwa kawaida mbunifu hufuma sweta moja ya mfano katika saizi moja, kisha saizi nyingine huzipata kwa hesabu. Saizi iliyofumwa imepita mikononi mwa mtu. Nyingine zimepita kwenye kikokotoo, na pengine kwa wafumaji wa majaribio, ikiwa mbunifu aliwapata. Ndiyo sababu mfumaji wa saizi ya kati anaweza kumaliza bila tatizo, huku jirani yake anayefuma saizi kubwa kutoka kitabu hichohicho akikwama kwenye kwapa. Baada ya mbunifu, kazi hupita kwa mhariri na kwa mpangaji wa kurasa, ambaye si lazima awe mfumaji. Akifupisha sentensi ili itoshe kwenye safu ya gazeti, nyota moja inaweza kuanguka, na nyota ikianguka, mstari mzima hubadilika maana.

Kwa hiyo kabla ya kukagua lolote, tazama kitabu ni cha toleo gani, kisha tafuta masahihisho ya mchapishaji au ya mbunifu mwenyewe. Kwenye intaneti hutafutwa kwa neno errata pamoja na jina la maelekezo. Tovuti ya Ravelry, iliyoanza mwaka 2007, ina kurasa za maelekezo mengi mno pamoja na maelezo ya watu waliokwisha kuyafuma. Ukikuta watu watatu wamekwama mstari uleule katika saizi ileile, umepata dalili nzito. Nakala zinazopigwa picha na kuzungushwa kwenye simu hazina msaada huu. Mara nyingi hata ukurasa wa vifupisho umeachwa, na mbunifu aliyefanya kazi hiyo hajalipwa, jambo ambalo kwangu mimi ni kosa kubwa kuliko tarakimu yoyote.

Idadi ya vitanzi hailingani na iliyoandikwa

Swali la kwanza si "nimekosea wapi?" bali "nimepungukiwa vitanzi vingapi, na mstari una marudio mangapi?" Tuseme mstari una marudio 9. Ukipungukiwa vitanzi 9 au 18, kila rudio limepoteza kiasi kilekile, na mkono wa binadamu haukosei namna ileile mara 9 mfululizo. Basi chanzo ni maneno ya kitabu au namna unavyoyaelewa. Ukipungukiwa kitanzi 1 au 2 tu, karibu hakika kuna kitanzi kilichodondoka au mahali uliposahau kuzungusha uzi, na dawa ni kurudi nyuma ukihesabu rudio moja moja mpaka ukute lililopungua. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja, na hakuna kingine kilichowahi kuniokoa na kufumua bure kuliko hicho.

Ikiwa hitilafu inaonekana tangu mstari wa kwanza wa nakshi, kagua idadi ya kuanzia. Maelekezo mengi husema nakshi inahitaji vitanzi vya kuzidisha namba fulani pamoja na ziada, kwa mfano 12 mara kadhaa, jumlisha 1. Kitabu kikikuambia uanzishe vitanzi 110, gawanya: 12 mara 9 ni 108, ongeza 1 ni 109. Kitanzi kimoja hakina kazi. Sasa tazama saizi nyingine za sweta hiyohiyo. Ikiwa zimeandikwa 97, 110, 121 na 133, utaona kwamba nafasi kati yao ni 13, 11 na 12, na hapo kosa limejitaja lenyewe: 97, 121 na 133 zote zinakubali kanuni ya 12 na ziada 1, na ni 110 peke yake inayokataa. Iliyokusudiwa ni 109. Huhitaji kumwandikia mtu yeyote ili kulijua hilo, wala huhitaji kufuma hata mstari mmoja.

Lakini zikikataa saizi zote, na kila moja ikizidi kwa vitanzi 2, usikimbilie kusema zote zimekosewa. Mara nyingi vitanzi hivyo 2 ni vya pindo, kimoja kila upande, vilivyowekwa kwa ajili ya kuunganisha vipande, na sentensi inayovitaja imo mwanzoni mwa kitabu pamoja na maelezo ya jumla ambayo wengi wetu huyaruka.

Kuna pia hali ambapo hesabu yako hailingani na saizi yako, lakini inalingana kabisa na saizi ya jirani. Maelekezo yenye saizi nyingi huandika ndogo kwanza na nyingine ndani ya mabano, na jicho lililochoka huteleza kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili bila mwenye nalo kutambua. Dawa yake ni kuzungushia duara kila tarakimu ya saizi yako, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya kuanza. Kazi hiyo pia hufichua kosa la kitabu: ukifika mahali ambapo saizi ni tano na tarakimu ni nne, ujue moja imeanguka, na usikisie ni ipi mpaka umezijaribu zote kwa hesabu. Tarakimu ikiwa moja tu, bila mabano, kwa kawaida ni ya saizi zote.

Nakshi ya matundu inapoteza au kuongeza vitanzi

Hapa ndipo hesabu ina utamu, na ndipo makosa ya uchapaji huwatesa wafumaji zaidi. Chukulia kwamba kila tendo hula vitanzi kutoka sindano ya kushoto na kuzaa vitanzi kwenye sindano ya kulia. Pleni hula 1 na kuzaa 1, na pali vivyo hivyo. Kufuma viwili pamoja hula 2 na kuzaa 1. Kufuma vitatu pamoja hula 3 na kuzaa 1. Kuzungusha uzi hakuli kitu, lakini huzaa 1. Kwa hiyo rudio lolote linaweza kuandikwa kwa safu mbili, ya kilicholiwa na ya kilichozaliwa, kisha kila safu ikajumlishwa.

Tuchukue rudio hili: pleni 1, zungusha uzi, fuma viwili pamoja, pleni 3, fuma viwili pamoja, zungusha uzi, pleni 1. Linakula 1, 2, 3, 2 na 1, yaani vitanzi 9. Linazaa 1, 1, 1, 3, 1, 1 na 1, nalo ni 9. Rudio liko sawa. Kama mpangaji wa kurasa ameangusha ule mzunguko wa pili wa uzi, bado linakula 9 lakini linazaa 8, na mfumaji aliyeanza na vitanzi 99 atajikuta na 88 bila kukosea hata kitanzi kimoja. Mzunguko uliopotea utaupata kwa kutazama ulinganifu, maana nakshi nyingi za matundu hujibizana kama mapindo ya kanga, upande wa kulia kwa upande wa kushoto. Palipo na kupunguza pasipokuwa na tundu jirani, ilhali upande wa pili tundu lipo, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

Mfano maarufu ni nakshi ya mawimbi ya visiwa vya Shetland, Scotland, iitwayo Old Shale, ambayo katika umbo lake la kawaida hurudiwa kwa vitanzi 18. Mstari wake wa matundu ni huu: fuma viwili pamoja mara 3, zungusha uzi na pleni 1, mara 6, fuma viwili pamoja mara 3. Sehemu ya kwanza hula 6 na kuzaa 3, ya katikati hula 6 na kuzaa 12, ya mwisho hula 6 na kuzaa 3. Jumla ni 18 kwa 18. Kitabu kikichapwa "mara 5" badala ya "mara 6", rudio litakula 17 na kuzaa 16. Tazama jinsi kosa linavyotoa ushahidi mara mbili: halilingani na namba 18 iliyotajwa mwanzoni, na linapoteza kitanzi kimoja. Makosa mengi ya kweli huwa hivyo, yanagongana na zaidi ya jambo moja katika maelekezo yaleyale, na mimi sipendi kubadilisha tarakimu ya mbunifu mpaka nimepata angalau mashahidi wawili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Zipo nakshi ambazo huongeza vitanzi katika mstari mmoja na kuvirudisha katika mstari wa pili au wa nne, kwa makusudi. Ukikagua mstari mmoja peke yake utadhani umekosewa. Kwa nakshi za namna hiyo, jumlisha kilicholiwa na kilichozaliwa katika mistari yote ya nakshi nzima, kuanzia wa kwanza hadi ule unaorudisha mwanzo. Ikiwa mwisho wa mzunguko idadi imerudi ilikoanzia, nakshi ni salama, na unachopaswa kufanya ni kuandika pembeni idadi inayotarajiwa baada ya kila mstari.

Chati inasema hivi, maneno yanasema vile

Kabla ya kuamua nani mkweli, hakikisha chati, yaani ule mchoro wa visanduku ambamo kila kisanduku ni kitanzi, umeisoma inavyotakiwa. Chati huanzia chini kwenda juu. Ukifuma kwa kwenda na kurudi, mistari ya upande wa mbele husomwa kutoka kulia kwenda kushoto na ya upande wa nyuma kutoka kushoto kwenda kulia; ukifuma kwa kuzunguka, kila mstari husomwa kutoka kulia. Dalili ya kulikosea jambo hili ni nakshi yenye kingo za meno ya msumeno mahali ambapo picha inaonyesha mstari laini wa mshazari. Nakshi yenye pande zinazofanana huficha kosa hilo, kwa hiyo mtu anaweza kufuma shali nzima bila kutambua, kisha akashangaa sweta inayofuata inapomkataa.

Ukiona namba za mistari ni witiri tu, 1, 3, 5, 7, na zote ziko upande wa kulia, mistari ya nyuma haikuchorwa, na maelezo yake yako kwenye sentensi moja iliyo juu au chini ya chati. Ukiona nukta, katika chati nyingi maana yake ni pali upande wa mbele na pleni upande wa nyuma, kwa sababu chati huchora jinsi kazi inavyoonekana kwa mbele. Wachapishaji hawatumii alama zilezile, kwa hiyo ufunguo wa alama usomwe upya kwa kila kitabu.

Baada ya hayo yote, chati na maneno vikiendelea kupingana, mimi huanza kuiamini chati. Sababu yangu ni kwamba kosa ndani ya chati huonekana kwa macho: mshazari unakatika, kisanduku kimoja kinakaa nje ya mstari wake. Kosa ndani ya maneno hujificha, kwa kuwa "pleni 3" na "pleni 5" zinafanana mno kwenye ukurasa. Hata hivyo sifumi sweta kwa imani. Nafuma marudio mawili kwa uzi wa mabaki, mara moja kwa chati na mara moja kwa maneno, kisha nalinganisha na picha.

Misokoto, yaani vitanzi vinavyopishanishwa hadi vionekane kama kamba iliyosokotwa, ina tatizo lake. Vitanzi vinavyoshikiliwa mbele ya kazi huufanya msokoto uiname kushoto, na vinavyoshikiliwa nyuma huufanya uiname kulia. Neno moja likibadilishwa, msokoto hugeuka. Ukitaka kuamua kwa picha, hakikisha kwanza picha yenyewe haikugeuzwa: katika desturi ya mavazi ya Ulaya, sweta ya kike ya vifungo huwa na matundu ya vifungo upande wa kulia wa mvaaji, kwa hiyo yakionekana upande wa kushoto, huenda aliyepanga ukurasa aliigeuza picha ili imtazame msomaji, na misokoto nayo ikageuka.

Hesabu ni sawa lakini sweta haimtoshi mtu

Tatizo hili huuma kuliko yote, kwa sababu hugunduliwa mwishoni. Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni sindano. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao wengi wetu tulifundishwa, namba inapopanda sindano huwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, na namba 10 ni milimita 3.25. Katika mfumo wa Marekani namba inapopanda sindano huwa nene: namba 8 ni milimita 5, na milimita 3.25 ni namba 3. Mfumaji anayeambiwa atumie "sindano namba 8" bila kutajiwa milimita anaweza kuchukua sindano yenye tofauti ya milimita nzima. Uzi wa unene wa dabo niti kwa sindano ya milimita 4 kwa kawaida hutoa vitanzi 22 na mistari 28 katika mraba wa sentimita 10. Ukitumia sindano nene na kupata vitanzi 18 tu, mgongo wa vitanzi 110 ambao ulipaswa kuwa na upana wa sentimita 50 utafika 61. Soma milimita, na kama kitabu hakikuzitaja, tazama ni cha nchi gani.

Ikiwa sindano ni sahihi na kitambaa chako cha majaribio kinakubaliana na kitabu, kagua kitabu chenyewe kwa tarakimu tatu ambazo lazima zikubaliane: idadi ya vitanzi, vitanzi kwa kila sentimita 10, na upana uliotajwa kwenye mchoro wa vipimo. Niliwahi kufuata maelekezo ya gazeti moja yaliyosema sweta iliyokamilika ina mzunguko wa kifua wa sentimita 92, kipimo ni vitanzi 22, na mgongo uanze kwa vitanzi 92. Nusu ya mzunguko ni sentimita 46, na 46 mara 2.2 ni kama 101. Vitanzi 92 vingetoa upana wa karibu sentimita 42, yaani kifua cha 84. Mtu aliyeandika alichukua tarakimu ya sentimita na kuiweka mahali pa vitanzi. Mimi sikukagua, nilifuma mgongo hadi kwapani nikiwa na uhakika kwamba uzi utanyooka ukifuliwa, na haukunyooka.

Angalia pia kipimo kimechukuliwa kwenye mfumo upi wa vitanzi. Ribu, yaani pleni na pali zinazofumwa kwa zamu, huvuta kuliko pleni tupu, na misokoto nayo huvuta, kwa hiyo "vitanzi 22" bila kutaja ni vya nakshi gani ni sentensi isiyokamilika.

Kwapa, mikono na shingo havikutani

Sehemu za kuongeza na kupunguza hukaguliwa kwa kuhesabu mistari pamoja na vitanzi. Tuchukue mkono wa mtoto: una vitanzi 44 baada ya ribu, uongezwe kitanzi 1 kila upande kila mstari wa 6 hadi vitanzi 72, na urefu wote hadi kwapani uwe sentimita 28, ribu ya sentimita 5 ikiwemo. Tofauti ya 72 na 44 ni 28, na kila mstari wa kuongeza hutoa 2, kwa hiyo unahitaji mara 14. Mara 14 kwa mistari 6 ni mistari 84, ambayo kwa kipimo cha mistari 28 kwa sentimita 10 ni sentimita 30. Lakini zimebaki sentimita 23 tu, yaani kama mistari 64. Haiwezekani. Jaribu kila mstari wa 4: mara 14 ni mistari 56, ambayo inatosha na kubakiza michache ya kufuma bila kuongeza, kama mikono mingi inavyofanywa. Hapo 6 ilipaswa kuwa 4.

Kupunguza kwenye kwapa huleta mkanganyiko wa maneno kuliko wa tarakimu. Mgongo wa vitanzi 109, ukifunga vitanzi 5 mwanzoni mwa mistari 2 inayofuata, hubaki na 99. Ukipunguza 1 kila mwisho wa mstari mara 7, hubaki na 85, kwa sababu mstari una miisho miwili. Aliyebaki na 92 amepunguza upande mmoja tu. Na ikiwa kitabu ndicho kinachosema 92, shuka hadi mwisho wa kipande na ujumlishe: bega 24, shingo 37, bega 24, jumla 85. Mabega na shingo ni shahidi mzuri sana, maana vitanzi vyote vilivyobaki lazima viishie huko.

Katika sweta ya mabega ya raglani, ambayo mkono wake huungwa na mwili kwa mshazari kutoka kwapani hadi shingoni, kagua kwamba mistari ya mshazari wa mkono ni sawa na ya mgongo. Ikipishana kwa mistari miwili huweza kuvumilika, ikipishana kwa 10 kuna kosa. Na kabla ya kulaumu shingo isiyokaa, rudi ukatafute maneno "wakati huohuo". Yakiwa mwisho wa aya ndefu, mfumaji humaliza kwapa lote, kisha ndipo anaposoma kwamba shingo ilitakiwa ianze mistari 12 nyuma. Hilo si kosa la hesabu, ila ni uandishi mbaya, nami naona mbunifu anastahili kuambiwa.

Kroshia inatoka fupi au ndefu mno

Kwa wanaofuma vitambaa vya meza kwa kroshia, chanzo karibu daima ni majina ya vitanzi. Dabo ya Uingereza ni singo ya Marekani, na trebo ya Uingereza ni dabo ya Marekani. Maelekezo yanayotaja singo kroshia ni ya Kimarekani. Kitambaa kikitoka kigumu na kifupi ilhali picha ni laini, umefuma kwa jina la mfumo wa pili.

Picha ambayo hakuna anayeweza kuifuma

Siku hizi yanauzwa maelekezo ambayo picha yake imetengenezwa na kompyuta na kitu chenyewe hakijawahi kufumwa. Hapo kutafuta tarakimu iliyokosewa hakusaidii. Tazama picha kwa karibu kabla ya kulipa: misokoto inayoanza na kupotea bila kufungwa, vitanzi vinavyobadilika ukubwa katikati ya mstari, mkono usio na mahali ulipoungwa na mwili. Tafuta pia picha ya pili kutoka upande wa nyuma au ya kipande kikiwa mezani, kwa sababu mbunifu aliyefuma sweta yake hakosi picha hizo.

Ukishalijua kosa

Kama kazi bado haijafika mbali, fumua hadi mstari wa mwisho ambao idadi yake ni sahihi. Ikiwa hujaanza nakshi ngumu, pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote kila baada ya nakshi moja kamili, ili siku ya kufumua usimame hapo na usipoteze kitu. Msokoto mmoja uliogeuka unaweza kurekebishwa kwa kuachia vitanzi vyake peke yake hadi chini na kuvifuma upya kwa sindano fupi. Kitanzi kimoja kilichopungua karibu na mshono wa ubavuni unaweza kukiongeza hapohapo bila hofu. Kilichopungua katikati ya nakshi usikiguse kwa njia hiyo, kwani kila mstari unaofuata utakikumbuka.

Kisha mwandikie mbunifu au mchapishaji kwa heshima, bila lawama, na umpe vitu vitakavyomwezesha kukagua kwa dakika tano: jina la maelekezo, toleo, saizi, kipande, namba ya mstari, idadi kabla na idadi baada. Kwa mfano: "Mgongo, saizi ya 3, mstari wa 41: kabla ya mstari kuna vitanzi 99, kila rudio linakula 9 na kuzaa 8, mwisho wa mstari kuna 88 badala ya 99. Nadhani kuzungusha uzi kumeachwa kabla ya pleni ya mwisho." Andika marekebisho hayohayo kwa penseli ukingoni mwa ukurasa, pamoja na tarehe, kwa ajili ya atakayeazima kitabu kutoka kwako.